Mbegu ya muhogo "imechoka": tafuta chanzo kabla hujakata pingili nyingine

Mvua za vuli zikikaribia, kule Kimbiji ninakolima utasikia neno moja kila kona: mbegu imechoka. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye sote tunamwita shangazi, alinisimamisha mpakani mwaka juzi akiwa na mzizi mkononi wa aina ya muhogo tunayoiita Kiroba, mwembamba kama kipini cha jembe. "Mwanangu, hii ndiyo Kiroba ile ile niliyokupa wewe. Kwangu imechoka, kwako bado. Umeifanya nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba nilione shamba lake lote, tukalizunguka hadi jua likazama. Ninayoandika hapa yalianzia siku hiyo. Ni kwa ajili ya wenzangu wa Kigamboni, Chanika, Mabwepande, Kisarawe na Mkuranga, wanaopanda muhogo kwa pingili za mwaka jana, zilizotoka kwenye pingili za mwaka juzi, na kurudi nyuma hivyo hivyo hadi kwa bibi.

Kuna jambo moja la kulielewa kwanza, kwa sababu dalili zote zitarudi hapo. Pingili si mtoto wa mti uliokatwa. Ni mti ule ule, umehamia shimo jingine. Mmea unaotoka kwenye mbegu halisi, ile punje inayopatikana baada ya ua, huacha nyuma magonjwa mengi ya mama yake. Pingili haiachi kitu. Virusi vilivyokuwa ndani ya shina, wadudu waliojibanza kwenye macho, hata njaa ya udongo ambamo shina lilikulia, vyote vinahama nayo. Kwa hiyo mbegu ya muhogo haichoki kwa uzee. Inabeba mzigo, na kila msimu mzigo unaongezeka.

Na mara nyingi tunaoiongezea mzigo ni sisi. Angalia tunavyovuna. Mnunuzi anakuja mwezi wa saba au wa nane, tunamng'olea mashina yaliyonona, yenye mizizi mikubwa. Miti ya mashina hayo tunaitupa kwenye uzio au inaishia jikoni kama kuni. Vuli ikifika, miti iliyobaki imesimama shambani ni ile ambayo hatukuona sababu ya kuing'oa. Hiyo ndiyo tunayokata pingili. Ukifanya hivyo misimu mitano, umechagua wagonjwa mara tano mfululizo kwa mkono wako mwenyewe. Kwa shangazi ilikuwa hivyo hivyo. Mimi nilinusurika kwa bahati tu: mwaka ule mnunuzi alichelewa, nikapanda kabla hajavuna.

Sasa tuzitazame dalili, moja baada ya nyingine.

Pingili hazichipui, au zinachipua kwa mapengo

Wiki tatu baada ya kupanda shamba linatakiwa kuwa limechipua. Ukiona mapengo, usikimbilie kurudishia. Kwanza ng'oa pingili kumi zilizogoma, uzipasue kwa urefu.

Ikiwa ndani ni kavu na gome limesinyaa, pingili ilikuwa changa mno au ilikaa juani. Shina la kijani la ncha halina akiba, na mchanga wetu wa Pwani ukipata joto unalimaliza kwa siku chache. Shina zuri lina umri wa miezi minane hadi kumi na miwili, limeshageuka rangi kuwa kahawia, na ukilikata linatoa utomvu mweupe papo hapo. Utomvu usipotoka, usipande. Kipimo kingine ni kile kiini cheupe laini cha katikati: kisizidi nusu ya upana wa kijiti. Kikizidi, hicho bado kichanga hata kama kwa nje kinaonekana kimekomaa.

Ikiwa ndani pameliwa na kujaa udongo, ni mchwa. Ikiwa pameoza na kunuka, maji yalisimama. Hilo utaliona zaidi kwenye mabonde, na tiba yake ni matuta.

Ikiwa pingili ni nzima lakini macho yamesagika, chanzo ni usafiri. Nimeona mizigo ya mashina imefungwa nyuma ya pikipiki kutoka Mkuranga, yanasuguana njia nzima, yanafika gome limechubuka kila kifundo. Beba mashina marefu bila kuyakata, yafunge na majani ya migomba au magunia katikati, na ukate pingili siku ya kupanda. Kama ni lazima uyahifadhi kusubiri mvua, yasimamishe wima chini ya mwembe, ncha za chini zikiwa zimefukiwa kidogo kwenye udongo wenye unyevu. Yatakaa hata miezi miwili. Ukiyalaza, yatachipua kabla ya wakati au yatakauka.

Pingili iliyogeuzwa kichwa chini nayo huchipua, ila kwa kuchelewa na kwa unyonge. Macho yatazame juu. Kwa mtu anayepanda mara ya kwanza nasema hivyo bila aibu, kwa sababu nimewahi kukuta vibarua wamepanda nusu ekari kinyume. Urefu uwe sentimita 20 hadi 25, vifundo vitano hadi saba.

Zimechipua zote, lakini kwa unyonge, na hazina doa lolote

Hii inawachanganya watu kuliko zote. Majani ni safi, hayajakunjwa, lakini mti ni mfupi na rangi imepauka. Mmoja atasema udongo umeisha, mwingine atasema mbegu. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu shina lililokulia kwenye udongo fukara lina akiba ndogo ndani yake, na pingili zake huanza maisha zikiwa na njaa hata ukizihamishia kwenye udongo mzuri.

Usibishane, jaribu. Tafuta pingili kumi kutoka shamba lingine lenye afya, za aina ile ile ya muhogo, uzipande kwenye mstari mmoja na kumi zako, ukizipishanisha: yako, ya mwenzako, yako, ya mwenzako. Baada ya miezi mitatu zikiwa zote dhaifu, shida ni udongo. Zikinawiri za mwenzako peke yake, ni mbegu. Jaribio hili halina gharama, na limeniokoa nisinunue samadi ya lori zima mahali ambapo samadi isingesaidia.

Majani ya juu yamejikunja, yana mabaka ya njano na kijani

Hii ni batobato. Jani linapinda upande mmoja, linakuwa dogo, rangi yake imegawanyika kama kitambaa kilichomwagikiwa dawa ya kung'arisha nguo. Mti unadumaa. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1894, na Mjerumani aitwaye Warburg, kutokana na mihogo ya Usambara wakati huo nchi yetu ikiwa chini ya Wajerumani. Ni ugonjwa unaotufahamu siku nyingi.

Unaletwa na njia mbili: pingili yenye virusi, na nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani. Kujua ni ipi kati ya hizo ndiko kunakokwambia ufanye nini, na jibu limeandikwa kwenye mti wenyewe. Tazama majani ya chini kabisa, yale ya kwanza kuchipua. Yakiwa nayo yana mabaka, virusi vilikuja ndani ya pingili, na kosa ni la mwaka jana. Majani ya chini yakiwa safi, halafu kuanzia katikati kwenda juu yamekunjamana, basi pingili ilikuwa nzima na nzi ndio waliouleta msimu huu.

Tembea shamba kwa mistari miwili inayokatana kutoka pembe hadi pembe, uhesabu miti 30, uandike ya aina ya kwanza na ya aina ya pili. Kwa shangazi tulihesabu 30, tukakuta 19 ina batobato, na kati ya hiyo 16 ilikuwa na mabaka toka jani la kwanza. Nzi walikuwa na mchango mdogo sana. Aliupanda ugonjwa kwa mkono wake bila kujua, na nilipomwonyesha alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe nimekuwa nikiwalea."

La kufanya: miti inayoonyesha dalili ndani ya miezi mitatu ya kwanza ing'olewe, ipelekwe mbali na shamba, ikauke. Ikiwa iliyougua ni mingi mno, kung'oa yote kutakuacha na jangwa. Hapo acha ikue uvune utakachopata, lakini usikate hata pingili moja ya kupanda. Hiyo ndiyo nidhamu ngumu, maana shina la muhogo wenye batobato linaweza kuwa nene na la kuvutia kabisa ifikapo mwezi wa kumi, wakati majani yamepukutika kwa kiangazi na huoni tena dalili. Ndiyo maana uchaguzi haufanyiki siku ya kukata. Unafanyika mapema, majani yakiwepo.

Jambo moja kuhusu kisamvu. Mti unaochumwa kila wiki hauwezi kukuonyesha batobato vizuri, kwa kuwa majani machanga, ambako dalili huonekana wazi, yako kwenye sufuria. Miti unayotegemea kukata mbegu iache bila kuchumwa. Kisamvu kichumwe upande mwingine.

Mti ni mzuri, umenyooka, lakini mzizi ndani una madoa ya kahawia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huu ndio ugonjwa ulionitia hasara kubwa kuliko yote, na ndio unaoitesa Dar es Salaam na Pwani nzima.

Wanaonunua kwangu ni wakaangaji. Baadhi yao wanapeleka mihogo yao Coco Beach jioni, ile ya kukaangwa ikaliwa na kachumbari na pilipili. Mkaangaji anavyonunua, anachukua mzizi mmoja, anaukata mbele yako kwa kisu. Mweupe, anapakia. Akiona doa la kahawia, anashukuru na kuondoka, na hawezi kulaumiwa, maana sehemu hiyo ni ngumu kama kizibo, haiivi, na ina uchungu.

Ni michirizi ya kahawia. Huu nao historia yake imeanzia kwetu: mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, huko huko Usambara. Kwa miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wa nyanda za chini za pwani, hadi mwaka 2004 ulipoanza kusambaa Uganda kwenye maeneo ya mwinuko.

Tofauti na batobato, huu haukunji majani. Majani ya juu hubaki mazuri kabisa. Inama utazame ya chini, yale yaliyokomaa: utaona unjano unaofuata mishipa ya jani, umetawanyika pembeni mwa mishipa kama unyoya. Kisha tazama sehemu ya kijani ya shina, utaona michirizi mifupi ya kahawia au ya zambarau. Kwenye mzizi, nje unaweza kuona mikunjo kama umefungwa uzi, au usione chochote. Ndani kuna madoa makavu ya kahawia.

Ugumu wake uko hapa: dalili za majani na za mzizi haziendi pamoja siku zote. Kuna aina za muhogo zinazoonyesha unjano wa majani na mizizi yake ikabaki mizuri kwa muda mrefu. Kiroba inasifika kwa uvumilivu wa namna hiyo, na ndiyo sababu ilienea pwani. Nyingine zina majani safi na mizizi imeharibika. Zaidi ya hayo, majani ya chini ndiyo ya kwanza kudondoka kiangazi, kwa hiyo ushahidi unaanguka chini kabla hujaja kuutazama.

Mwaka nilioumia nilikuwa nimeongeza nusu ekari. Pingili hazikunitosha, nikanunua mzigo wa mashina kwa mtu wa barabarani, mashina manene ya kupendeza, utomvu unachuruzika. Sikuuliza yametoka shamba gani. Yaliota yote. Miti ilirefuka kunizidi kimo, nikawa naipita kila asubuhi kwa furaha. Mwezi wa kumi na moja tangu kupanda nikaita mnunuzi. Alikata mzizi wa kwanza, wa pili, wa tano. Akafuta kisu chake. Nusu ekari nzima ililiwa na nguruwe wa jirani.

Nilichojifunza siku hiyo ni kuwa shina la muhogo halishuhudii mizizi yake. Kwa hiyo, kanuni yangu sasa: hakuna shina linaloingia kwenye mbegu kabla mizizi yake yote haijakatwa. Naukata kila mzizi kwa upana, vipande vitano hivi, kutoka shingoni hadi mkiani, kwa sababu doa linaweza kuwa sehemu moja tu. Mzizi mmoja ukiwa na doa, mti wote unatupwa, hata kama mizizi mingine minane ni myeupe. Virusi viko kwenye mti, si kwenye mzizi ule peke yake.

Nzi weupe wanausambaza huu pia, lakini hawaubebi muda mrefu kama wanavyobeba batobato, hivyo hawafiki nao mbali. Ugonjwa ukionekana ghafla kijiji ambacho haukuwepo, mara nyingi umeingia kwenye mzigo wa mashina. Hii ni habari njema kwa namna yake, kwa kuwa mzigo wa mashina tunaweza kuukagua na nzi hatuwezi.

Ukiwa tayari unao shambani, kuna njia moja ya kupunguza hasara: vuna mapema. Madoa huongezeka kadiri mzizi unavyokaa ardhini. Uliozoea kuuvuna miezi kumi na miwili, vuna wa minane au tisa, upate mizizi midogo iliyo myeupe. Hiyo inakupa pesa ya msimu huu. Haikupi mbegu.

Ncha zimesongamana kama kichaka kidogo

Vifundo vya juu vimekaribiana, majani madogo yamejikusanya, na ukifungua unakuta wadudu weupe wenye unga kama pamba. Wanafyonza mti na kuupinda. Hawa waligundulika Afrika mwaka 1973 huko Kongo, wakiwa wametoka Amerika ya Kusini, wakaenea bara zima na kutishia njaa. Kilichowashinda ni nyigu mdogo sana aliyeletwa kutoka Paraguay, anayetaga mayai ndani yao. Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu huyo bado anatufanyia kazi mashambani bila malipo, na ndiyo sababu nawasihi wenzangu wasipige dawa ya wadudu kwenye muhogo ovyo. Ukimuua yeye, unawafungulia wale mlango.

Kwa pingili, dawa ni maji ya moto. Changanya maji yanayochemka na maji ya baridi kwa kipimo sawa, ndoo kwa ndoo, tumbukiza pingili kwa dakika tano hadi kumi, kisha panda siku hiyo hiyo. Inaua hawa wenye unga, utitiri, na wale wa magamba meupe wanaoganda kwenye shina kama chokaa. Haiui virusi. Nasisitiza, maana nimekutana na watu wanaochemshia pingili za batobato wakidhani wamezitibu.

Utitiri wa kijani nao huitisha watu kiangazi: majani machanga yana vitone vidogo vya njano, yanadhoofika, ncha inabaki kama mshumaa. Ukidhani ni batobato utang'oa bure. Tofauti ni kuwa vitone vya utitiri ni vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano, na mvua ikinyesha mti unatoa majani mapya mazuri. Mti wa batobato hautoi.

Muhogo uliokuwa mtamu umekuwa mchungu, au shamba lina sura tatu

Kuna sababu mbili, na moja haina uhusiano na mbegu. Muhogo uliopata ukame hutengeneza sumu zaidi, hata aina tamu. Kwa hiyo mwaka wa jua kali usimpe mtoto muhogo mbichi kwa kuzoea tu kuwa "huu wetu ni mtamu." Onja kidogo, na ukiwa mchungu umenye, uuloweke, uukaushe vizuri kabla ya kusaga. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, uliwahi kuwapata watu wa Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame, kwa kula muhogo mchungu ambao haukutengenezwa vya kutosha. Hili si la kufanyia haraka.

Sababu ya pili ni mchanganyiko. Muhogo unatoa maua, unadondosha punje, na punje zikiota zinatoa mti mpya kabisa ambao si Kiroba wala si chochote ulichopanda. Mkulima anauona, anadhani ni wake, anaukata pingili pamoja na mingine. Baada ya misimu michache una shamba la rangi tatu za vikonyo na ladha tatu. Unautambua kwa mzizi wake mmoja mkuu unaoshuka wima chini, tofauti na pingili ambayo mizizi hutawanyika pembeni. Ung'oe ukiwa mdogo. Au kama una moyo wa utafiti, upande pembeni peke yake uutazame, maana hata aina nzuri za wazee wetu zilianzia hivyo.

Kuanza upya

Ukihesabu miti yako 30 ukakuta kumi au zaidi ni migonjwa toka pingili, ushauri wangu ni kuacha mbegu hiyo yote. Hicho ni kipimo changu mwenyewe. Mwingine ataweka chini zaidi. Lakini kuchagua katika shamba lililooza kwa kiasi hicho ni kupoteza miaka, kwa kuwa kuna miti inayobeba virusi bila kuonyesha.

Pa kupata mbegu safi hapako mbali na sisi. TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ina kituo Kibaha, barabara ya Morogoro, na TARI Mikocheni, hapa hapa mjini, wamefanya kazi ya virusi vya muhogo kwa miaka mingi. Waulize wazalishaji wa mbegu waliokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na ukifika kwa mzalishaji omba kuona karatasi ya ukaguzi kabla ya kupakia. Mbali na Kiroba kuna aina nyingine zilizotolewa kwa ajili ya pwani, kama Chereko, Kipusa, Mkuranga 1 na Pwani. Uliza ni ipi inakubaliwa na wanunuzi wako, kwa sababu muhogo unaostahimili ugonjwa lakini mkaangaji haupendi utabaki mikononi mwako.

Huna haja ya kununua mbegu ya shamba zima. Fanya hesabu. Ekari moja kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja inachukua pingili 4,000. Mti mmoja uliokomaa vizuri unatoa pingili kumi hivi. Kwa hiyo miti 400, yaani kipande cha mita 20 kwa mita 20, kinatosha kukupa mbegu ya ekari nzima mwakani. Nunua pingili 400 safi, zipande peke yake, na kipande hicho kiwe shamba la mbegu: hakichumwi kisamvu, hakivunwi kwa mnunuzi anayeharakisha, kinapewa samadi kuliko kwingine.

Kikae upande ambao upepo unaanzia. Ukipanda vuli, kaskazi ndiyo itakayovuma miti ikiwa michanga, na nzi weupe husafiri na upepo. Basi weka mbegu kaskazini, shamba la zamani libaki kusini yake, na acha nafasi kubwa kadiri eneo linavyoruhusu.

Usiruke mti hata mmoja, tembea kila mstari wote. Miezi mitatu, ng'oa wenye mabaka. Miezi sita, inama utazame majani ya chini, ng'oa wenye unyoya wa njano. Ile miti uliyoridhika nayo ifunge kitambaa. Mimi natumia vipande vya khanga kuukuu, rangi haipotei juani. Kama una simu ya kupangusa, kuna programu ya PlantVillage Nuru, inazungumza Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti. Inatambua batobato, michirizi ya kahawia na utitiri wa kijani kwenye jani. Mimi naitumia nikiwa na shaka, lakini mzizi haiwezi kuuona, kisu bado kinahitajika. Panga nalo lifute kwa spiriti au lipitishe motoni ukihama kutoka mti mgonjwa, kwa sababu kuna mnyauko wa bakteria unaopita kwenye chuma.

Shangazi aliacha mbegu yake yote. Haikuwa rahisi, alikuwa ameipata kwa mama yake. Tulipanda pingili 400 kwenye kona ya kaskazini ya shamba lake, na mwezi wa tisa aliniita ning'oe pamoja naye. Alikata kila mzizi mwenyewe, vipande vitano vitano, akivipanga juu ya gunia. Kati ya miti yote tuliyong'oa siku hiyo tuliitupa saba. Mingine mashina yake yamesimama sasa chini ya mwembe wake, ncha zimefukiwa, yanangoja mvua.